Stesheni ya Kuku

Watu wa Isughuna wakikwambia kwamba treni iliwatoroka, wasikilize kwa adabu, kisha usiamini hata neno. Treni haikutoroka. Ilifukuzwa, tena ilifukuzwa kwa kuku, na walioifukuza wengi wao bado wako hai, wanakula ugali wao wa uwele na kuilaumu serikali. Hivyo ndivyo anavyosema Bibi Luciana, na Bibi Luciana hajawahi kulilainisha neno ili lipite vizuri kooni mwa mtu.

Nyumba yake iko jirani kabisa na reli, ile ya tawi inayotoka Manyoni kwenda Singida. Akifungua mlango asubuhi, kitu cha kwanza anachokiona ni stesheni: kuta nne zisizo na paa, dirisha la tiketi lisilo na komeo, na kibao cha saruji chenye jina la kijiji, ambacho mbuzi hujikunia mgongo. Paa halikuliwa na mchwa. Mabati yake yako kijijini, na Luciana anaweza kukuonyesha kila bati liko juu ya nyumba ya nani. Manne yako juu ya jiko la mwenyekiti wa Kamati ya Kuirudisha Treni.

Siku stesheni ilipofunguliwa Luciana alikuwa hajafika miaka arobaini. Lilichinjwa dume la ng'ombe, mkubwa mmoja akaja kukata utepe, na kabla jua halijazama ule utepe ulikuwa umekwisha kugawanywa na wanawake kwa kufungia nywele za mabinti zao. Mumewe, Antipasi, alikuwa kibarua wa gengi, wale waliotandika mataruma na kukaza reli. Hakuwa mwajiriwa wa kudumu, kwa hiyo yeye na mkewe hawakuwa na pasi ya kusafiri bure. Lakini alikaa na watu wa reli muda wa kutosha kujua jambo moja, akamwambia mkewe wakiwa wanakula.

"Mama Catherine, huko makao makuu hawaijui Isughuna. Hawaoni sura ya mtu wala mzigo wake. Wanachoona ni tiketi. Kituo kisichokata tiketi, kwao ni kichaka tu."

Luciana aliyashika maneno hayo kama alivyoshika amri za kanisani, na pengine zaidi.

Stesheni masta alikuwa Godfrey. Aliletwa akiwa kijana mwenye kofia mpya na ulimi wa asali, akaoa hapahapa, asiondoke tena. Miezi ya kwanza alikata tiketi kama kawaida. Kisha siku moja mzee mmoja aliyekuwa na kesi ya mbuzi huko Manyoni akafika dirishani bila senti, ila na jogoo kwapani. Godfrey akamtazama jogoo, jogoo akamtazama Godfrey, wakaelewana. Mkagua tiketi wa kwenye behewa naye akapewa fungu lake, na mzee akaenda kwenye kesi yake akiwa amekaa vizuri dirishani.

Kuanzia siku hiyo tiketi ikawa kuku. Anayekwenda Manyoni alikamata tetea. Anayekwenda mbali zaidi, jogoo. Mtoto alipanda kwa mayai. Chumba cha tiketi kikawa banda, na ukipita karibu na dirisha ulisikia watu wazima wakijadiliana kama tetea aliyeacha kutaga anafika Manyoni au anaishia njiani. Madereva wa treni wakaipa jina, Stesheni ya Kuku. Watu wa Isughuna walilipenda jina hilo. Walidhani wanasifiwa.

Luciana peke yake ndiye aliyenunua tiketi. Kila mwezi alikwenda Manyoni kuuza mayai na vitunguu, akitoka hapo anapata gari la kumfikisha Kilimatinde, ambako mdogo wake Elina alikuwa ameolewa na alikuwa akimtunza mama yao. Kila mwezi Godfrey alimpokea kwa uso wa mtu aliyeamshwa usingizini.

"Dada Luciana, unanitesa. Ufunguo wa kabati la tiketi hata sijui nimeuweka wapi."

"Utafute, Masta. Treni bado iko mbali."

Aliutafuta akinung'unika, akafukuza kuku juu ya kabati, akapuliza vumbi na mengine yasiyokuwa vumbi, akamkatia kikadi kigumu cha rangi ya kahawia. Waliokaa kwenye benchi na kuku wao walicheka. Walimwita Bi Tiketi. Walisema mume wake amemlisha sumu ya watu wa reli. Mkagua akishatoboa kile kikadi, Luciana alikidai arudishiwe, na akifika nyumbani alikitia ndani ya kopo la majani ya chai.

Kisha ikafika Januari moja ambayo treni ilipita bila kusimama. Watu walikuwa wamesimama jukwaani na kuku wamefungwa miguu, wakaona nyuso za abiria madirishani zikipita, na mtu mmoja wa ndani akawapungia. Iliyofuata nayo ikapita. Godfrey alipokea barua, akaikunja, akaitia mfukoni, akawaambia watu kwamba makao makuu wamesema kituo kimechakaa. Baadaye treni zenyewe ziliadimika katika tawi lote, na nyasi zikaota katikati ya mataruma. Lakini Isughuna ilikuwa imekwisha kufa kabla ya wenzake.

Antipasi hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa kifua mwaka uliotangulia. Luciana alibaki na kopo lake na dharau yake, na katika miaka ishirini na mitano hakuna kati ya vitu hivyo viwili alichokipoteza. Alipopita penye wazee wakilalamikia barabara, aliwaambia, "Treni mliila wenyewe. Sasa mnalilia mifupa." Alikuwa na haki ya kuwadharau, au ndivyo alivyoona. Mchuma janga hula na wa kwao, na yeye alikuwa akila janga asilolichuma.

Kwa sasa ana miaka sabini na mmoja na nyonga yake ya kushoto imekufa nusu. Kutoka Isughuna hadi kwenye lami ni bodaboda, saa nzima na zaidi ya mashimo na mchanga. Alijaribu mara moja, akashushwa njiani akilia, yeye ambaye hakulia hivyo hata kwenye msiba wa mumewe. Tangu siku hiyo hajafika Kilimatinde. Ni miaka sita. Na mwaka huu Elina alipiga simu, kwa simu ya mjukuu wake, akasema maneno ambayo hayamtoki Luciana masikioni.

"Dada, macho yamezima kabisa. Sauti yako naisikia, ila nataka nikushike mkono kabla sijaondoka."

Kwa hiyo habari zilipofika kwamba tawi litakarabatiwa na treni ya abiria itarudi, na kwamba kuna mtu wa ofisi ya reli atakayepita kuuliza ni vituo gani vya zamani vifufuliwe, Luciana alikaa kitandani akahesabu pumzi zake. Stesheni iko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Angeweza kufika huko kwa fimbo. Angekaa kwenye behewa, nyonga ikitaka iume, na siku hiyohiyo angekuwa kwa Elina.

Asubuhi ya mkutano na huyo mtu wa reli, Godfrey akabisha hodi. Ni yeye mwenyekiti wa Kamati ya Kuirudisha Treni. Asingekuwa yeye, angekuwa nani. Alikuwa amevaa ile kofia yake ya zamani, ambayo sasa rangi yake ni ya maji ya kuoshea vyombo.

"Karibu, Masta," Luciana akasema. "Kofia hiyo ungeiacha nje."

Godfrey akacheka kama mtu anayetaka kukopa. "Bi Luciana, dada yangu. Yule dada wa reli anataka ushahidi kwamba abiria walikuwepo. Wewe tiketi unazo. Zilete. Useme zilikuwa za watu mbalimbali, kwamba uliziokota jukwaani wakizitupa. Kijiji kizima kitakushukuru."

"Ulikula kuku wangapi, Godfrey?"

"Hayo ni ya zamani."

"Ya zamani ndiyo unayotaka nikakuombee leo."

Alimtoa nje kwa macho tu. Kama ingekuwa ni Godfrey na wenzake peke yao, angekaa nyumbani akawaacha wapitwe tena, na angesimama mlangoni kutazama. Lakini kulikuwa na Elina. Akavaa kitenge chake cha sikukuu, akachukua fimbo na kopo, akamwita jirani yake Amne amshike mkono, wakaenda polepole hadi jukwaani.

Mtu wa reli alikuwa binti anayeitwa Jesca, mwenye miwani na kitabu kikubwa cha zamani kilichofungwa kwa kamba. Alizunguka akiwaamkia wazee mmoja mmoja. Alipofika kwa Luciana akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kivulini, jua la hapa halina mgeni."

Godfrey akapewa nafasi ya kueleza historia ya stesheni, na akaieleza muda mrefu kiasi kwamba kivuli cha ukuta kilihama. Ilikuwa historia nzuri sana. Ndani yake treni ilijaa hadi watu wakakaa juu ya mabehewa. Ndani yake Masta alikata tiketi hadi vidole vikavimba. Mzee Simeoni, ambaye alikwenda Manyoni kwa jogoo mara nyingi hadi ukoo wa jogoo ukaisha bomani kwake, alithibitisha kila neno kwa kutikisa kichwa. Debe tupu haliachi kuvuma, Luciana alifikiri, na leo yapo mawili.

Jesca aliwashukuru. Kisha akafungua kile kitabu.

"Wazee wangu, nimekuja na daftari la tiketi la kituo hiki. Nisaidieni kuelewa. Baada ya mwaka wa kwanza, mwezi baada ya mwezi imeandikwa kwamba kimetoa tiketi moja. Moja tu. Na hao mliosema walikaa juu ya mabehewa, wako ukurasa gani?"

Wazee wakatazama viatu vyao. Godfrey akasema daftari lilikuwa bovu.

Luciana akainuka na kopo. Akalifungua, akavimimina vile vikadi mapajani mwa Jesca. Jesca akavichukua kimoja kimoja, akavilinganisha na daftari, na kila ilipoandikwa moja, kikadi chake kilikuwepo, Isughuna hadi Manyoni, kimetobolewa. Kisha akavua miwani.

"Bibi, kumbe ni wewe. Ofisini tulikuwa tunajiuliza. Kuna mzee mmoja wa kumbukumbu huwa anasema Isughuna ilikuwa na abiria mmoja, tukadhani anatania."

Watu walicheka, na wa kwanza kucheka alikuwa Simeoni. Luciana akawageukia.

"Chekeni. Mmoja huyo ndiye aliyewasimamishia treni miaka yote hiyo. Ninyi mlikuwa mizigo tu."

"Ni kweli," Jesca akasema. "Kituo chenye abiria mmoja walikivumilia. Sheria yao ilikuwa kwamba kikipita mwezi mzima bila tiketi hata moja, kinafungwa." Akatoa nakala ya barua kutoka mwisho wa daftari. "Imeandikwa hapa. Sababu ya kufunga: mwezi wa Novemba, tiketi hakuna. Barua alipewa stesheni masta. Hamkuambiwa?"

Godfrey akavua kofia yake, akaanza kuisafisha.

Luciana hakumwona. Alikuwa amesimama na kopo tupu mkononi, na masikioni mwake lilikuwepo neno moja, Novemba.

Aliujua mwezi huo. Msiba wa Antipasi ulikuwa umemaliza kila kitu ndani ya nyumba, na mvua ilikuwa haijaanza. Kitunguu hakikuwepo, wala yai. Ndipo ukaja ujumbe kutoka Kilimatinde kwamba mama amefariki na atazikwa kesho. Luciana alizunguka nyumba mara mbili akitafuta pesa ambazo alijua hazipo. Kisha akamkamata tetea wake mwekundu, akamficha ndani ya kanga, akaenda dirishani. Godfrey hakumcheka, na afadhali angemcheka. Alinyoosha mikono yote miwili kumpokea yule tetea, akasema kwa upole, "Karibu kundini, Bi Luciana."

Alimzika mama yake. Hadi mwezi unaisha hakusafiri tena. Na miaka ishirini na mitano alimchukia Godfrey kwa neno lile, akawatukana wote waliopanda kwa kuku, na hakumwambia mtu yeyote habari ya tetea mwekundu. Nyani haoni kundule. Leo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi yenye mhuri.

Angeweza kukaa. Ni Godfrey tu aliyejua, na Godfrey asingethubutu.

"Mwanangu," akasema, "hiyo Novemba andika mmoja. Nilipanda. Nilipanda kwa kuku, kama hawa. Nilikuwa nakwenda kumzika mama." Akaegemea fimbo yake. "Kwa hiyo aliyekifunga kituo hiki ni mimi. Hawa walikitia ugonjwa, mimi nikakimaliza. Nimewadharau miaka yote hii na nilikuwa mmoja wao. Nimeona aibu."

Amne alimshika mkono.

Jesca alikuwa mtu mwenye akili. Akawageukia wengine. "Wazee wangu, bibi amenipa njia. Nikipata watu ishirini wa kuandika majina yao kwamba walipanda hapa, hata bila tiketi, nitapeleka, na watanielewa. Ni mambo ya zamani, hakuna atakayeshitakiwa. Naomba waliopanda kwa kuku wanyooshe mkono."

Hakuna mkono ulioinuka. Walikuwepo zaidi ya sitini, na hakuna asiyekuwa amepanda. Walitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake awe mjinga wa kwanza. Mmoja akasema kwa chini kwamba huo ni mtego wa faini. Simeoni akakumbuka kwamba ana mkojo, akaondoka. Godfrey, kwa niaba ya kamati, akasimama.

"Mama afisa, watu wa Isughuna ni waaminifu. Hakuna aliyewahi kupanda hapa bila tiketi."

"Na tiketi hamkununua."

"Ndiyo. Yaani, hapana."

"Basi treni mlikuwa mnaitazama tu," Jesca akasema.

Akampa Luciana kalamu. Luciana akaandika jina lake kwa zile herufi kubwa alizofundishwa kwenye elimu ya watu wazima, na chini yake hakukuandikwa jina jingine. Jesca akaongeza moja kwenye Novemba, akafunga daftari kwa kamba yake.

"Bibi, nisikudanganye. Kwa jina moja, watapita bila kusimama."

"Najua, mwanangu."

Kama ingeishia hapo, Isughuna ingebaki na heshima kidogo. Lakini Jesca alipofika kwenye gari alikuta buti limefunguliwa na Godfrey anapanga ndani yake kuku watano, wamefungwa miguu, wanene. Alikuwa ameiweka tena kofia kichwani. Alieleza kwamba ni desturi, mgeni haondoki mikono mitupu, na kwamba akifika ofisini awakumbuke. Wazee walewale ambao mikono yao haikuinuka walikuwa wameinua kila mmoja kuku wake.

Jesca alisimama asijue la kufanya. Luciana alijua. Alijikongoja hadi kwenye buti, akawatoa mmoja mmoja, akafungua kamba za miguu, akawaachia. Kuku wakatimka kuelekea kwenye ile stesheni isiyo na paa, na wazee wakawakimbilia, kila mtu akipiga kelele kwamba yule mwekundu ni wake.

"Unaelekea wapi, mwanangu?" Luciana akauliza.

"Manyoni, bibi. Nalala huko."

"Nafasi ipo?"

Jesca akamfungulia mlango wa mbele. Luciana akamwambia Amne afungie mbuzi, na funguo ziko penye mtungi. Hakuchukua nguo wala mfuko, na namna ya kurudi hakuifikiria. Alikaa, akaiweka nyonga yake vizuri, akalilaza kopo mapajani. Vikadi vyote Jesca alikuwa amemrudishia.

"Nauli ni nini?"

"Hakuna nauli, bibi. Nimekupa lifti."

"Hapana," Luciana akasema. "Nilishapanda bila tiketi mara moja, na umeona yaliyotokea. Nikate tiketi."

Akafungua pindo la kitenge, akatoa noti aliyokuwa ameifunga kwa ajili ya sukari. Jesca alitaka kucheka, kisha akamwona uso, akaacha. Akaipokea, akachana kipande cha karatasi, akaandika juu ya usukani: Isughuna hadi Manyoni, abiria mmoja. Akaweka tarehe na sahihi. Luciana alikisoma chote taratibu, akakitia ndani ya kopo juu ya vile vingine, akafunga kifuniko.

"Haya, twende," akasema. "Elina ananisubiri. Hao waache na kuku wao."